Vita vya Mpakani, Fitina za Kambini

Vita vikizuka popote duniani, haipiti wiki kabla hujasikia watu barazani wakisema kwamba fulani kaanzisha vita ili watu wake wasahau njaa. Ni neno tamu kulisema, kwa kuwa humfanya msemaji aonekane mjuzi wa mambo yaliyositirika, na halimdai ushahidi. Lakini kiongozi gani hana shida nyumbani? Kila serikali ina bei zilizopanda, ina wapinzani, ina kashfa iliyofunikwa nusu. Kwa kipimo hicho vita vyote vilivyopata kupiganwa vitakuwa vya kuwazuga watu, na kipimo cha namna hiyo hakimsaidii mtu kujua lolote. Hata hivyo neno lenyewe si la kupuuzwa. Nionavyo, shida za ndani haziundi ugomvi na jirani. Huchagua siku ya kuufufua ugomvi uliokuwapo. Tena anayetafutiwa cha kumshughulisha mara nyingi ni askari mwenye bunduki kambini kuliko raia aliye kwenye foleni ya sukari. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa hayo, maana tunayo Kagera.

Tarehe 1 Novemba 1978 Uganda ilitangaza kwamba ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, sasa ni mali yake. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamekwisha kuvuka mpaka, na siku mbili baada ya tangazo daraja la Kyaka likavunjwa. Hoja iliyotolewa ni kwamba mto ndio mpaka wa asili. Ni kweli mpaka ule una ajabu yake: Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1890 kwa kufuata mstari wa digrii moja kusini ya ikweta, bila kujali mto unapita wapi wala nani anaishi ng'ambo ipi. Ila mto haukuhama mwaka 1978. Ulikuwa palepale kwa miaka 88, na Amin alikuwa ameshika madaraka tangu Januari 1971. Isitoshe, nchi za Afrika zilikwisha kukubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka ya wakoloni ibaki kama ilivyorithiwa. Kwa hiyo kuuliza kama kulikuwa na madai ya ardhi hakutufikishi mbali. La kuuliza ni kwa nini madai yale yaligeuka vifaru na mizinga mwezi ule.

Tuutazame basi mwaka wenyewe. Baada ya Waasia kupewa siku 90 waondoke mwaka 1972, maduka na viwanda vyao viligawiwa askari na wapambe, na haikuchukua muda sukari, sabuni na chumvi zikawa za magendo. Raia wa Uganda aliishi hivyo mwaka 1973, akaishi hivyo 1975, na vita na Tanzania havikuja. Kama njaa ya raia ingetosha kuwasha vita, vingewaka mapema. Kilichobadilika mwaka 1978 ni hali ya watu wa Amin mwenyewe. Utawala wake ulisimama juu ya jeshi, na jeshi lilisimama juu ya kahawa: fedha ya kahawa ndiyo iliyokodi ndege za mizigo kutoka uwanja wa Stansted, Uingereza, zikija Entebbe na wiski, redio na vitu vya anasa vya kuwagawia askari. Bei ya kahawa iliyokuwa imepaa mwaka 1977 ikaporomoka mwaka uliofuata, na Oktoba 1978 Marekani ikapiga marufuku biashara na Uganda. Wakati huohuo wakubwa walikuwa wakichimbana. Mwezi Aprili makamu wa Amin, Mustafa Adrisi, aliumia vibaya katika ajali ya gari iliyowatia wafuasi wake shaka kubwa, akapelekwa Cairo kutibiwa. Moses Ali naye akaondolewa Wizara ya Fedha. Ilipofika Oktoba, baadhi ya vikosi vilikuwa vimeasi, na mapigano ya askari kwa askari yalisukumwa kuelekea kusini, mpakani mwa Tanzania. Mfa maji haishi kutapatapa.

Walichokifanya askari wale walipofika Kagera kinaeleza mengi kuliko hotuba yoyote. Hawakujenga ngome wala kujiandaa kumzuia mwenye ardhi asirudi. Waliua raia, wakaswaga ng'ombe wa mashamba ya mifugo, wakabeba vyombo vya watu, wakang'oa mitambo ya kiwanda cha sukari na kuipeleka Uganda, huku maelfu ya wanavijiji wakikimbilia kusini ya mto. Jeshi lililotumwa kutwaa nchi na kuitawala haliondoki na mitambo. Lile lilikuwa likijilipa mshahara ambao kahawa ilishindwa kuulipa, na kwa muda wa majuma machache waliokuwa wakilengana wenyewe kwa wenyewe walipata mtu mwingine wa kumlenga.

Wapo watakaopinga kwamba Amin hakupanga lolote; kwamba makamanda walivuka mpaka kwa hasira zao wakiwafukuza waasi, naye akatangaziwa ushindi asiouagiza. Simulizi hiyo ipo na siwezi kuitupa. Lakini hata tukiikubali yote, bado hoja inasimama. Mtawala aliyeambiwa kwamba jeshi lake limevamia nchi ya jirani ana nafasi ya kuliita lirudi na kuomba radhi. Amin alilitawaza kosa kuwa sera, akalitangaza, kwa kuwa kuwaadhibu makamanda wiki ile kungemgharimu zaidi kuliko kupigana na Tanzania. Wengine watasema Tanzania nayo ilikuwa na lake, maana ilimhifadhi Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na wapiganaji wake waliivamia Uganda kutoka ardhi ya Tanzania Septemba 1972. Ni kweli, na mwenye haki hakatai. Lakini ugomvi ule ulipelekwa Mogadishu Oktoba mwaka huohuo ukapatiwa mapatano. Malalamiko yenye umri wa miaka sita yanaeleza kwa nini Amin hakumpenda Rais Nyerere wa Tanzania. Hayaelezi Oktoba 1978.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi. Februari 1976 Amin huyuhuyu alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, na wakati ule pia alikuwa na shida tele. Mbona hakuvamia? Rais Kenyatta wa Kenya alimjibu kwa ukali, Wakenya wakaandamana, na mafuta ya Uganda yalikuwa yakipitia Mombasa. Amin akarudi nyuma. Hapo tunajifunza kwamba shida peke yake haimpeleki mtu vitani. Humsukuma pale anapoamini kwamba ng'ambo hakuna atakayempiga sana. Mwaka 1978 upande wa Tanzania ulikuwa na askari wachache, naye akadhani mambo yataishia mezani kama ya Mogadishu. Alidhani vibaya. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Argentina, miaka mitatu baadaye, inaonekana kama mfano uliochorwa kwa rula. Jenerali Galtieri alishika nchi ambayo mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 100; tarehe 30 Machi 1982 wafanyakazi waliandamana Buenos Aires wakapigwa na kukamatwa; tarehe 2 Aprili jeshi lilitua visiwa vya Malvinas, na uwanja uleule wa maandamano ukajaa watu wakishangilia. Anayependa njia ya mkato husema maandamano yalileta vita. Si hivyo, kwa kuwa mipango ya kuvitwaa visiwa ilianza miezi kadhaa kabla, na uamuzi ulikuwa umekwisha kupitishwa siku chache kabla ya wafanyakazi kuingia barabarani. Ila chunguza mipango ilitoka wapi. Galtieri aliupata urais Desemba 1981 kwa kuungwa mkono na mkuu wa jeshi la majini, Admirali Anaya, ambaye kiu yake ilikuwa visiwa hivyo, vilivyodaiwa tangu 1833. Hata pale penye kelele nyingi za raia, deni lenyewe lilikuwa la kambini. Waargentina 649 walikufa, jeshi likasalimu amri tarehe 14 Juni, na Galtieri hakuimaliza wiki ile madarakani.

Sasa niwageukie wanaoliamini neno hili kupita kiasi, maana nao wanahitaji kuonywa. Tarehe 17 Agosti 1998 Rais Clinton alikiri mbele ya Wamarekani uhusiano wake na msichana wa Ikulu. Tarehe 20 makombora yakapiga Afghanistan na kiwanda cha dawa cha Al-Shifa kule Khartoum. Dunia nzima ikasema, anajificha nyuma ya moshi. Nairobi na Dar es Salaam hazikuwa na haki ya kusema hivyo kirahisi. Balozi za Marekani katika miji hiyo zilikuwa zimelipuliwa tarehe 7 mwezi uleule na zaidi ya watu 200 kufa, wengi wao Wakenya waliokuwa wakipita na shughuli zao karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Sababu ilikuwa imelala barabarani, inaonekana. Kwamba ushahidi juu ya kile kiwanda cha dawa ulikuwa dhaifu ni shauri jingine, tena zito, na lilistahili kuulizwa lenyewe badala ya kuzamishwa katika umbea wa Ikulu.

Wasomi nao wametuletea jambo la kutuliza vichwa: watawala wenye moto nyumbani mara nyingi hupatana na majirani. China, katika miaka ya njaa kuu na baada ya maasi ya Tibet, ilimaliza migogoro ya mipaka na Burma, Nepal na Pakistan, kwa kulegeza madai yake. Katika miaka hiyo ni India pekee iliyopigana nayo, mwaka 1962. Aliye na jeshi linalomtii anaweza kutoa ardhi akabaki madarakani. Anayeliogopa jeshi lake hawezi, hata akitaka.

Hivyo basi, redio inapotangaza kwamba jirani ametuchokoza, yatupasa tuanze na kalenda. Ugomvi huu una umri gani, na kwa nini umeiva mwezi huu? Nani kafukuzwa jeshini, kikosi kipi hakijalipwa, jenerali gani amehamishwa ghafla? Wahariri wayaandike hayo ukurasa uleule unaobeba picha za vifaru, na wabunge wayaulize kabla ya kupitisha fedha. Wataambiwa kwamba kuuliza wakati wa vita ni usaliti. Novemba 1978 Nyerere aliwaeleza Watanzania sababu ya kupigana, na daraja lililovunjwa lilikuwepo Kyaka kwa yeyote aliyetaka kulitazama. Swali halikuvidhoofisha vita vile hata kidogo. Ni Kampala ambako hapakuwa na gazeti lililothubutu kuuliza Adrisi yuko wapi.