Kamshafti ya mbio kwenye Probox? Jamani, subirini kwanza

Leo naweka programu kando kidogo, maana kuna jambo linaniudhi hapa Voi. Jirani yangu ana Probox ya injini 1NZ-FE, 1500cc, anayobebea abiria kwenda Wundanyi. Muuzaji mmoja wa spea amemwambia akiweka kamshafti ya mbio, mlima utakuwa kama tambarare. Sasa mzee anaweka akiba. Mimi napinga!

Kamshafti ya mbio huinua valvu juu zaidi na kuziacha wazi muda mrefu. Injini ikizunguka kwa kasi sana, hewa nyingi huingia na nguvu hupanda. Ikizunguka polepole, sehemu ya hewa hurudi ilikotoka na mvuto hupungua. Niambieni basi: ukipita Mwatate, kwenye zile kona za kupanda Wundanyi, gari limejaa watu na magunia, nani anaendesha kwa mizunguko 6000 kwa dakika?

"VVT-i itarekebisha," anasema muuzaji. Hapana! VVT-i ya injini hii husogeza kamshafti ya valvu za kuingiza hewa peke yake, ikiwahisha au kuchelewesha, kwa presha ya oili. Valvu inainuka kiasi gani na inakaa wazi muda gani, hayo yamo kwenye umbo la chuma. Na anayeamua isogee kiasi gani ni kompyuta, kwa majedwali yaliyoandikwa kwa kamshafti ya kiwandani. Ni kama kubadilisha printa ukabakiza draiva ya zamani (sote tumewahi!), ila printa hutoa karatasi chafu tu. Hapa kamshafti yenye nundu kubwa ikisogezwa kama ile ya zamani, valvu inaweza kugonga pistoni. Kwaheri injini, kwaheri karo ya watoto.

Muulizeni muuzaji: inaruhusu VVT isogee nyuzi ngapi? Inataka springi gani za valvu? Nani ataandika upya majedwali ya mafuta na ya plagi? Akijibu "utazoea tu", ondokeni na pesa zenu. Wenye magari ya mashindano mna mafundi wa kazi hiyo, endeleeni.

Mzee nimemwambia anunue plagi, chujio la hewa, oili safi (oili chafu huziba valvu inayoongoza VVT-i) na breki za kushukia. Bado ananuna. Jumamosi naandamana naye kwa fundi kabla hajalipa chochote.