Likizo Dar: mtoto wa Tukuyu aione bahari

Familia nyingi za Tukuyu zikifika Dar es Salaam, likizo huishia sebuleni kwa shangazi mbele ya televisheni. Mtoto aliyekulia mvua na ubaridi wa Rungwe anataka bahari. Apandishwe kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni. Nauli ni ndogo, na meli zinazoingia bandarini ataziona kwa karibu. Ashikwe mkono, maana watu husongamana, na namba ya simu ya mzazi iwe mfukoni mwake.

Siku nyingine ni Makumbusho ya Taifa, asikie habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959.

Usiku chandarua kisikosekane, hata joto likizidi. Malaria humwangusha haraka mtoto wa milimani. Masweta yabaki nyumbani, isipokuwa moja la kushukia stendi Tukuyu.