Kutwa Mara Tatu, na Usiku Je?

Wapo wanaosema kwamba herufi za daktari hazimhusu mgonjwa. Kazi ya mgonjwa, wanadai, ni kumeza tu. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, sisomi udaktari, na dai hilo nalipinga kwa sababu za lugha.

Tuanze na cheti chenyewe. BD, TDS, QID, PRN: yote hayo ni Kilatini kilichofupishwa. BD ni mara mbili kwa siku, TDS mara tatu, QID mara nne, PRN ni pale dawa inapohitajika. Daktari anamwandikia mfamasia, na hapo sina ugomvi sana. Hata mafundi wa magari wana lugha yao. Ila hata wenyewe kwa wenyewe hupotezana. OD kwenye cheti cha kawaida ni mara moja kwa siku, lakini kwa daktari wa macho herufi hizo hizo ni jicho la kulia. Kule Marekani, shirika la Joint Commission, linalokagua hospitali, lilitoa mwaka 2004 orodha ya vifupisho visivyotakiwa kuandikwa. QD (kila siku) na QOD (siku moja ndiyo, siku moja hapana) zimo, maana moja husomwa badala ya nyingine.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye bahasha ya kaki. Kwetu Mutukula, upande wa Uganda, utapewa dawa na juu yake pameandikwa "1x3". Ni kidonge kimoja mara tatu, au vitatu mara moja? Kwa hesabu za shule jibu ni lile lile. Kwa mwili silo.

Ukiuliza, utajibiwa: "Moja, kutwa mara tatu." Sasa, kutwa ni nini? Ni tangu jua lichomoze hadi litue. Shule ya kutwa ni ile ambayo mwanafunzi wake usiku hulala kwao. Shangazi yangu alipewa amoksisilini kwa maneno hayo, akameza saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, kisha akakaa saa 12 nzima za usiku bila dawa. Alitii alichoambiwa, neno kwa neno. Kilichotakiwa ni kila baada ya saa 8. Nilimwendea muuzaji: "Dada, mbona hukumwandikia saa?" Akacheka. "Mdogo wangu, watu wote wanaelewa."

Wengine watasema: basi, tafsirini tu. Tafsiri ya haraka nayo ina mitego. Kuna kifupisho STAT, yaani sasa hivi. Kwa Kiswahili ni "mara moja". Na OD? "Mara moja" pia! Mgonjwa akiandikiwa "meza mara moja", ameze sasa hivi, au ameze leo tu asirudie, au kila siku? Halafu kuna saa. Mwenye kufikiri kwa Kiingereza huandika saa 8 akimaanisha asubuhi, ilhali kwetu saa 8 ni mchana, chakula kimeshaliwa. Waganda nao huhesabu saa kama Waswahili, kwa hiyo huo si usumbufu wa watu wa pwani peke yao.

Angalieni dawa mseto ya malaria. Mtu mzima humeza vidonge 4, vingine 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla 24. Ukiandika "4x2", zile saa 8 za mwanzo zimepotelea wapi?

Nataka bahasha iseme hivi: "Meza kidonge 1 saa 12 asubuhi, 1 saa 8 mchana, 1 saa 4 usiku, kwa siku 5." Nitaambiwa foleni ni ndefu. Sawa, chongeni muhuri wenye asubuhi, mchana na usiku, na nafasi ya kujaza saa na idadi ya vidonge. Kupiga muhuri na kujaza tarakimu chache hakuchukui muda kuliko kumweleza mgonjwa aliyerudi siku ya tatu kuuliza.

Katiba ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005. Mimi nakitaka kwenye bahasha ya kaki, chini ya jina la dawa, kwa maneno kamili.