Tamko Kuhusu Wajibu wa Kisheria wa Mataifa katika Mashariki ya Kongo

1. Chama chetu cha wanasheria, kikiwa kimekutana na kushauriana, kinatoa tamko hili kuhusu hali ya mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kinazungumza kwa sababu sheria inayohusu jambo hili ipo, na sehemu yake kubwa imekwisha kutolewa hukumu.

2. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, iliamua, katika kesi iliyoletwa na Kongo, kwamba Uganda ilikiuka kanuni inayokataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, kwamba iliikalia Ituri, mashariki ya Kongo, kwa mabavu, na kwamba haikutimiza wajibu wake wa kuzuia uporaji wa maliasili. Uganda ilijitetea kwamba ilikuwa inalinda usalama wake. Mahakama iliukataa utetezi huo. Ilipita miaka 16 kabla ya fidia kupangwa, tarehe 9 Februari 2022: dola za Marekani milioni 325, yaani milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili. Watu wa Kisangani, ambao mji wao ulipigwa makombora kwa siku sita mwezi Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana humo, walizeeka wakiingoja hesabu hiyo.

3. Kuhusu Rwanda, tarehe 3 Februari 2006 Mahakama hiyo ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo. Wapo wanaousoma uamuzi huo kana kwamba ni kuachiwa huru. Sivyo. Katika hukumu hiyo hiyo majaji walieleza kwamba kukubali mamlaka ya mahakama ni jambo moja na kuitii sheria ya kimataifa ni jambo jingine. Wajibu wa nchi haukomi pale inapokosekana mahakama ya kuiita. Chama kinasimama hapo. Nacho kinapokea kwa heshima uamuzi wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, wa Juni 2025, uliotupilia mbali mapingamizi ya awali ya Rwanda na kuruhusu shauri la Kongo liendelee.

4. Baada ya Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja Azimio 2773, tarehe 21 Februari 2025. Azimio linalitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na kuondoka katika ardhi ya Kongo bila masharti. Linaitaka Kongo nayo ikome kuyasaidia makundi yenye silaha, hasa waasi wa Rwanda wa FDLR. Chama kinalisoma azimio lote na hakichagui mstari. Hofu ya Rwanda juu ya mpaka wake haiwezi kupuuzwa na yeyote anayeyakumbuka mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hata hivyo, hofu haigeuki kuwa hati ya kuvukia mpaka.

5. Kwa hiyo Chama kinazitaka serikali za Rwanda na Kongo zitekeleze azimio hilo kikamilifu. Kinaitaka Uganda ikamilishe malipo yote iliyoamriwa. Kinaitaka serikali ya Kongo iwaeleze waathirika, hadharani na kwa hesabu, fedha zilizokwisha kupokewa zimemfikia nani. Nchi zote tatu ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na zimeahidi katika mkataba wake ujirani mwema na kumaliza migogoro kwa amani. Wakuu wa Jumuiya wana haki ya kuzikumbusha ahadi hiyo, tena wana wajibu.

6. Katika shauri hilo la fidia dhidi ya Uganda, Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ilipewa sehemu ndogo mno, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ushahidi haukutosha: waliokufa hawakuwa na hati, nyumba zilizoteketea hazikuwa na kumbukumbu. Jambo hilo lisijirudie. Chama kinawasihi machifu, maparokia, misikiti, hospitali na familia za Ituri na Kivu zote mbili waandike sasa jina, mahali, siku na shahidi wa kila tukio, na watunze nakala mbili, moja nje ya eneo la vita.