Cha Mbwa Nacho Kikaguliwe

Ndugu wananchi wa Tarakea, mbwa analinda kihamba usiku kucha. Je, tunaangalia anachokula?

Desemba ikifika, watoto wanarudi kutoka mijini na mbuzi wanachinjwa nyumba kwa nyumba. Mchinjaji anapasua, anakuta kwenye ini kifuko cheupe kilichojaa maji. Anakikata, anakirusha pembeni. Hakijatua chini, mbwa ameshakidaka.

Ndani ya kifuko kile mna vijitegu visivyoonekana kwa macho. Vikiingia tumboni mwa mbwa vinakomaa, naye haonyeshi dalili yoyote. Mayai yanatoka na kinyesi, yanashika manyoya, yanafika kwenye mboga na maji. Mtoto aliyemshika mbwa akila bila kunawa, vifuko kama vile huweza kuota kwenye ini lake, polepole, kwa miaka. Kwa jirani zetu Turkana, Kenya, wengi wamepasuliwa kwa sababu ya ugonjwa huu.

Tufanyeje basi? Ini au pafu lenye vifuko tulichome, au tulifukie kwenye shimo refu. Mapupu ya mbwa tuyachemshe nusu saa nzima tangu maji yatokote. Kibudu asipewe kabisa. Nanyi ndugu zetu wa machinjioni, mwaonaje mkifunga geti na kufunika shimo la taka, mbwa wasipite? Afisa mifugo naye yupo: mwiteni akague nyama, mwulizeni dawa ya tegu kwa mbwa.

Na wewe unayenunua chakula kikavu madukani Moshi? Punje zile zimepikwa kiwandani kwa moto mkali, kwa hiyo tegu si hofu kubwa. Swali ni hili: ilisagwa nyama gani? Hata Marekani, mwaka 2002, mamlaka ya chakula na dawa ilitangaza kuwa baadhi ya vyakula hivyo vilikutwa na chembechembe za dawa inayotumika kuulia wanyama wagonjwa. Kilikuwa kiasi kidogo kisichotarajiwa kudhuru mbwa, lakini chakula kilikuwa kimeshauzwa.

Kwa hiyo tuulize kabla ya kulipa. Mfuko una jina la kiwanda? Umeandikwa viambato na tarehe ya mwisho? Kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lisilo na maandishi, tukiache. Muuza duka mwema hatachukia kuulizwa; naye ana mbwa nyumbani.

Leo jioni, kabla ya kumwekea mbwa chakula, kiangalie. Ukimaliza, nawa kwa sabuni, na watoto nao wanawe.