Kagari kadogo, kazi si ndogo

Wiki hii sina programu mpya ya kuwaonyesha wala lugha mpya ya kompyuta ya kuisifia. Nataka tuzungumze kuhusu rangi. Tena rangi ya gari la rimoti, haya magari madogo ambayo mke wangu huyaita midoli ya mzee. Aliyekuja hapa kutafuta habari za hifadhidata asiondoke, tutakutana mbele.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nami ajiandae. Fundi anayekuchorea bodi ya gari la rimoti kwa mkono hakupunji. Mara nyingi bei anayotaja ni ndogo kuliko kazi yenyewe. Sisi waandika programu tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo, lakini huwa tunakuwa wa mwisho. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilikuwa wa mwisho kabisa.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina gari la umeme la kipimo cha 1 kwa 10, urefu wake kama sentimita 44. Bodi za magari haya huuzwa zikiwa plastiki tupu inayoonyesha ndani kama chupa ya maji. Rangi unajitafutia. Nikachora mchoro wangu kwenye kompyuta: miali ya moto ya manjano ikitoka puani mwa gari, bluu ya usiku kuelekea nyuma, na jina SIMBA ubavuni. Nikauchapisha, nikaubeba pamoja na bodi hadi Kariobangi, kwa kijana mmoja anayepamba matatu kwa brashi ya hewa.

Kwa asiyeifahamu, brashi ya hewa ni kifaa cha ukubwa wa kalamu nene, kimeunganishwa na kompresa kwa mpira. Ukibonyeza kitufe chake kwa kidole, hewa inatoka. Ukikivuta nyuma, rangi inafuata hewa. Ndani mna sindano inayoziba na kufungua tundu dogo, kwa kawaida kati ya milimita 0.2 na 0.5. Mwenye mkono mtulivu anaweza kuchora mstari mwembamba kama uzi, au kuifanya rangi moja iyeyuke ndani ya nyingine bila kuacha mpaka.

Fundi aliutazama mchoro, akaigeuzageuza bodi, akasema: "Elfu saba na mia tano. Siku nne."

Nikacheka. "Bosi, si ni kagari tu? Na matatu nzima utanitoza ngapi?"

Hakukasirika. Alinirudishia bodi na kusema, "Matatu napaka nje. Hii nitapaka ndani."

Nikaondoka nikiamini kwamba nimekwepa kupigwa.

Sasa acha niwaeleze alichomaanisha, maana hapo ndipo kuna kazi yote. Bodi nyingi za magari haya ni za polikaboneti. Plastiki hii iligunduliwa mwaka 1953 na watu wawili, kila mmoja kivyake: Hermann Schnell wa Bayer kule Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric kule Marekani. Wengi wanaifahamu kwa majina ya biashara, Makrolon na Lexan. Gari la kwanza la rimoti la kampuni ya Tamiya, Porsche 934 ya mwaka 1976, lilikuwa na bodi ya plastiki ngumu ambayo hupakwa rangi kwa nje kama modeli yoyote. Polikaboneti ni habari nyingine. Ni nyembamba, nyepesi, inapinda ikigonga ukuta kisha inarudi. Na kwa kuwa inaonyesha, rangi hupakwa upande wa ndani. Gari likiburuzika kwenye lami, kinachokwaruzika ni plastiki. Rangi iko salama nyuma yake.

Faida hiyo ina gharama yake. Mchoraji wa ukutani huanza na rangi ya nyuma, kisha picha, kisha vitone vya mwisho vya mwanga machoni. Mchoraji wa bodi hii hufanya kinyume. Rangi ya kwanza kugusa plastiki ndiyo jicho litakayoiona mbele ya zote. Kwa hiyo vile vitone vya mwisho vinakuwa vya kwanza. Halafu mistari ya pembeni, halafu kivuli, halafu mwili wa picha, na rangi ya nyuma ndiyo inafunga kazi. Wachoraji wa Senegali wanaochora nyuma ya kioo wanaijua sana kazi hii ya kufikiri kinyumenyume.

Mimi nilijua haya yote kwa kuyasoma. Nikajiambia, mtu anayepanga mantiki ya programu kila siku atashindwaje kupanga tabaka nne za rangi? Nikaazima brashi na kompresa kwa rafiki, nikanunua kopo la rangi ya kawaida ya magari, nikajifungia gereji Jumamosi asubuhi.

Nilianza vizuri. Niliiosha bodi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta yanayozuia rangi kushika. Niliziba madirisha. Niliiacha ile karatasi nyembamba ya plastiki inayokinga upande wa nje, maana hiyo hubanduliwa mwisho. Nikabandika tepu, nikakata miali ya moto kwa wembe, nikapuliza manjano. Ilipokauka nikapuliza bluu nyuma yake. Jioni nikabandua karatasi ya nje kwa mbwembwe, familia nzima ikitazama.

Moto wangu ulikuwa wa kijani. Kijani cha maji ya bwawa.

Manjano ni rangi dhaifu. Ukiweka rangi nzito nyuma yake moja kwa moja, ile nzito inajitokeza mbele. Nilipaswa kuipa manjano mgongo wa nyeupe kabla ya kuleta bluu. Ndiyo maana mafundi husema anza na rangi nzito, malizia na nyepesi, na kama huwezi, weka nyeupe au fedha katikati. Pia rangi ilikuwa imepenya chini ya tepu kwenye mikunjo ya bodi, kwa sababu niliipuliza ikiwa nyingi na yenye maji mengi badala ya kupita mara nyingi kwa tabaka kavu na jepesi.

Na ubavuni palisomeka ABMIS. Jina lilipaswa kuandikwa likiwa limegeuzwa kama kwenye kioo. Mwanangu wa darasa la tatu ndiye aliyeligundua.

Nikajaribu kufuta kwa thina. Thina kali ikaitia plastiki ukungu. Kwenye kompyuta ningebonyeza Ctrl na Z, hapa ilikuwa imetoka hiyo. Nikaliendesha gari hivyohivyo, na lilipogonga ukingo mara ya kwanza rangi ilipasuka ikabanduka kama magamba, kwa sababu rangi ya kawaida haijui kupinda pamoja na polikaboneti. Ukiwa unanunua makopo ya Tamiya, tazama herufi: PS ni za polikaboneti, TS ni za plastiki ngumu. Usichanganye.

Mpaka hapo ni hadithi ya mtu mjeuri aliyeharibu bodi. Kilichoniumiza kilikuja Jumatatu.

Nilikuwa nimemaliza mfumo wa kuhesabu bidhaa kwa mteja mmoja. Wiki tatu nilizitumia kuhamisha kumbukumbu zake kutoka kwenye mafaili ya zamani, ambamo bidhaa moja iliandikwa kwa tahajia saba. Nilipanga upya hifadhidata ili wahudumu wawili wasiuze kitu kilekile kimoja kwa wakati mmoja. Sura ya mfumo sikuigusa sana, kwa sababu wafanyakazi wake waliizoea. Mteja akaufungua, akaangalia dakika mbili, akaandika: "Mbona sioni tofauti? Hii ni kazi ndogo tu. Tufanye nusu ya bei."

Nilianza kumjibu kwa hasira. Niliandika kwamba kazi kubwa iko ndani, mahali asipopaona. Nilipofika kwenye neno "ndani", vidole vikasimama. Nilikuwa nimeisikia sentensi hiyo siku chache tu nyuma, Kariobangi, na nilikuwa nimeijibu kwa kicheko.

Ndugu zangu, tunapenda kulalamika kwamba watu hawathamini kazi isiyoonekana. Tunaambiwa "nitengenezee katovuti kadogo" na tunakasirika wiki nzima. Halafu tunaenda kwa fundi, tunapima kazi yake kwa rula: gari lina sentimita 44, basi bei nayo iwe ya sentimita 44. Udogo haupunguzi kazi. Kwenye ubavu wa matatu mkono una nafasi ya kucheza. Ndani ya bodi hii mkono unaingia kwenye kona, brashi imeinama, na kosa la milimita moja ni jino zima la simba.

Najua mtasema nini. Siku hizi si kuna stika? Kweli, na sina ugomvi nazo. Kuna mashine za kukata stika ambazo zinachukua mchoro wa kompyuta na kuukata safi kuliko wembe wangu. Mafundi wenyewe huzitumia kukatia vibandiko vya kuzuia rangi. Lakini mashine haitakuambia nini kitangulie. Na stika inakaa nje, ikiburuzwa lami inachanika. Pia haiwezi kuyeyusha chungwa ndani ya nyekundu kwenye mkunjo wa bodi bila kukunjamana. Kama unataka rangi moja na nambari, nunua kopo sahihi na stika, ufanye mwenyewe, utafurahi. Ukitaka mchoro wa mkono, lipia mkono.

Wengine watasema pesa hazipo. Hilo nalielewa, na lina dawa ya heshima. Mwambie fundi uwezo wako ni kiasi gani na umuulize kwa kiasi hicho anaweza kufanya nini. Atapunguza rangi, ataacha kivuli, atakupa kitu safi. Hayo ni mazungumzo ya watu wazima. "Ni kagari tu" si mazungumzo, ni dharau iliyovaa mzaha.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi wa rangi, naomba mambo manne:

1. Mpe bodi ikiwa mpya na karatasi yake ya kinga ya nje haijabanduliwa.
2. Mpe malipo ya kwanza. Rangi ya polikaboneti hainunuliwi kwa ahadi.
3. Usimpelekee picha ya kazi ya mchoraji mwingine na kusema "nakili hii". Sisi tunaoandika leseni za programu zetu tunajua vizuri kwa nini.
4. Kubaliana naye rangi kabla hajaanza. Ukibadili mawazo siku ya tatu, unamtaka aanze upya, kwa sababu kinachoonekana ndicho alichokipaka siku ya kwanza.

Na kwa anayetaka kujifunza mwenyewe, karibu sana, ila kabla ya brashi nunua barakoa yenye vichujio vya kuzuia mvuke wa kemikali, na upulizie mahali penye hewa. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Tena anzia kwenye vile vipande vya plastiki unavyovikata pembeni mwa bodi, makosa yako yafie huko.

Mimi nilinunua bodi nyingine na kurudi Kariobangi. Fundi akanitajia elfu nane na mia tano. Nikamuuliza kwa nini bei imepanda.

"Ile ya kwanza ilikuwa ya mtu ambaye hajacheka," akasema.

Nikalipa nusu palepale. Siku ya nne alinipa bodi ikiwa bado na karatasi yake ya nje, imefifia, haina mvuto wowote. Ndani palikuwa peupe tu, mgongo wa rangi, huoni moto wala simba. Akaniambia nibandue mwenyewe. Sitawaeleza nilichokiona, ila miali ilikuwa ya manjano kwelikweli, na SIMBA ilisomeka SIMBA. Tangu hapo gari limegonga ukingo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nje limejaa michirizi. Moto bado unawaka.

Na yule mteja? Niliifuta barua ya hasira. Badala yake nikamwandikia, hatua kwa hatua na kwa mpangilio, yale yote yaliyofanyika ndani ya mfumo ambayo hawezi kuyaona, na kitakachotokea dukani yasipokuwepo. Amelipa robo tatu. Iliyobaki bado tunavutana, na sijacheka hata mara moja.