Waliofunga Ukumbi wa Dublin Walihesabu Nini?

Mwaka 2009, mgeni aliyeingia katika ukumbi wa Science Gallery, mtaa wa Pearse jijini Dublin, alivishwa beji ya kielektroniki kifuani kabla ya kuanza kuzunguka. Maonesho yenyewe yaliitwa INFECTIOUS, yaani “ya kuambukiza”. Beji ilirusha mawimbi hafifu ya redio, na kwa kuwa mwili wa binadamu huyazuia mawimbi ya aina hiyo, beji mbili zilitambuana pale tu wenye nazo waliposimama uso kwa uso, umbali wa mita moja au moja na nusu hivi. Kila baada ya sekunde 20 mtambo uliandika nani yuko mbele ya nani. Ukumbi ukawa mji mdogo wenye ugonjwa wa kubuni, na mgeni aliyekuja kutazama akajikuta yeye ndiye anayetazamwa.

Baada ya siku 69, zaidi ya watu 14,000 walikuwa wamepita na beji zao. Mwaka 2011 watafiti wakachapisha uchambuzi wa mikutano hiyo katika jarida la kisayansi. Miongoni mwa waliyoyaona ni kwamba mikutano mingi ilikuwa ya muda mfupi mno na michache ikachukua muda mrefu sana, na kwamba walioingia asubuhi hawakukutana kabisa na walioingia jioni, jambo linalobadili kabisa hesabu ya jinsi ugonjwa unavyoweza kusafiri ndani ya umati. Data hizo ziliwekwa wazi kwa yeyote anayezitaka. Hadi leo watu wanaosomea uenezi wa magonjwa na nadharia ya mitandao huzitumia. Mimi pia nimezitumia darasani.

Naomba msomaji aitafakari tarehe hiyo. Ilikuwa 2009, zaidi ya miaka kumi kabla dunia nzima haijaanza kubishana juu ya mita moja au mbili, barakoa na kukaa ndani. Ukumbi wa maonesho, wenye wasanii na wahandisi chini ya paa moja, na wa kuingia bure, ulikuwa umeshawafundisha vijana wa mji ule kwa miili yao wenyewe jambo ambalo serikali nyingi zilikuja kulifundisha kwa amri na hofu.

Mwezi Oktoba 2021 Chuo cha Trinity, chenye ukumbi huo, kilitangaza kuufunga. Milango ikafungwa kwa umma Februari 2022. Sababu zilizotolewa zilikuwa za fedha: nakisi iliyolimbikizwa, kisha hasara za janga. Ndiyo, janga lile lile.

Sina haja ya kumbeza mhasibu. Nakisi ni nakisi, na chuo kisichoweza kulipa mishahara hakiwezi kulipa umeme wa ukumbi. Ninachokipinga ni safu ya daftari ambamo ukumbi ule uliandikwa tangu mwanzo. Maabara ya kemia haiulizwi mwisho wa mwaka imeingiza kiasi gani mlangoni. Maktaba haiulizwi. Zote mbili zimeandikwa katika safu ya kazi za msingi za chuo, na hasara yao huitwa gharama. Ukumbi wa Dublin uliandikwa pembeni, karibu na mgahawa na duka la zawadi, katika safu ya mambo yanayopaswa kujilipia, na gharama yake ikaitwa hasara. Kwa hiyo uamuzi wa 2021 ulifanywa kimyakimya mwaka 2008, siku ukumbi ulipofunguliwa.

Na lawama si ya chuo peke yake. Wenye kumbi hizi nao walichangia kwa namna walivyojinadi. Waliizungumza mno lugha ya ubunifu na ushirikiano na makampuni. Google ilitoa fedha za kuanzisha mtandao wa kumbi kama hiyo duniani, na zikafunguliwa London, Melbourne, Bengaluru na kwingineko. Ukijitambulisha kwa mwenye nyumba kama dirisha la kupendezesha duka, usishangae siku biashara ikiwa mbaya dirisha likizibwa kwanza. Wangesema tangu siku ya kwanza, bila haya, kwamba pale ni mahali pa kufundishia na kutafiti mbele ya macho ya umma. Ushahidi walikuwa nao: data zile za beji; na wale vijana, wengi wao wanafunzi, waliosimama ukumbini kutwa, kazi yao ikiwa kuzungumza na kila mgeni na kubishana naye. Nimefundisha kwa miaka mingi na najua thamani ya mwanafunzi kulazimika kumweleza mtu asiyemjua, tena asiyelazimika kumsikiliza, jambo alilodhani analielewa.

Wapo watakaoniambia kwamba sanaa ndani ya maabara ni mapambo, kwamba mwanasayansi hufanya kazi na msanii huja kuipaka rangi. Jibu langu ni chakula kimoja cha jioni. Mwaka 2003, katika mji wa Nantes nchini Ufaransa, wasanii Oron Catts na Ionat Zurr, waliokuwa wakifanya kazi ndani ya maabara ya Chuo Kikuu cha Western Australia, walikuza nyama kutokana na seli za chura, wakaipika, wakaila mbele ya watu, na vyura wazima wakiwa ndani ya tangi pembeni. Kipande cha kwanza cha nyama ya ng'ombe iliyokuzwa maabara kilioneshwa kwa waandishi wa habari mjini London mwaka 2013. Wasanii walitangulia kwa miaka kumi, na walikuja na swali ambalo kampuni za chakula zingependa lichelewe: je, kula bila kuchinja kunatuondolea dhambi, au kunaificha tu mahali tusipoiona? Nyama yenyewe, kwa maelezo yao, haikuwa tamu hata kidogo.

Hapa nyumbani najua nitakachoambiwa na ndugu zangu watumishi wa umma, maana nimeshaambiwa. Shule nyingi za kata hazina kemikali za kutosha za majaribio, na mhadhiri anataka kumbi za anasa za Ulaya! Hoja hiyo ni nzito na siikwepi. Ila Bengaluru haiko Ulaya, na ukumbi wake umesimama kwa msaada wa serikali ya jimbo la Karnataka, jimbo lenye shule zake za vijijini na shida zake. Zaidi ya hapo, mimi sijaomba jengo.

Nilichoomba ni fomu. Miaka michache iliyopita, katika chuo nilichokuwa nikifundisha wakati huo, walinijia wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho, mmoja wa kompyuta na mwingine wa sanaa. Walitaka kufanya mradi mmoja: kuweka vihisio vya vumbi katika stendi ya mabasi, na kuviunganisha na ngoma ambayo mdundo wake ungebadilika kadiri hewa inavyochafuka, ili abiria na mama lishe wausikie uchafu wanaouvuta. Walikuwa na michoro. Walikuwa na ruhusa ya mdomo ya msimamizi wa stendi, na anayeijua stendi hiyo anajua hilo si jambo dogo. Mradi ulikataliwa. Hakuna aliyesema ni mbaya. Fomu ya usimamizi ilikuwa na nafasi ya idara moja, msimamizi mmoja na mwanafunzi mmoja, na hakuna aliyejua alama zingeingizwa wapi. Wa kompyuta akatengeneza mfumo wa kuhesabu bidhaa za duka la dawa. Wa sanaa akachora picha za wazee watano. Wote wawili walifaulu vizuri.

Yule mfanyabiashara wa dawa, kwa kumbukumbu yangu, hakuwahi kuutumia mfumo ule.

Mtoto wetu hutenganishwa mapema. Anapochagua tahasusi ya kidato cha tano anaambiwa yeye ni wa sayansi au ni wa sanaa, na neno “sanaa” hapo mara nyingi husemwa kama mtu anayetoa pole. Akifika kwetu chuoni, tunamalizia kazi hiyo kwa fomu. Halafu tunaandaa makongamano ya kulalamika kwamba wahitimu hawana ubunifu, na tunalipana posho za kulalamika.

Muhula ujao nitalipeleka pendekezo hili katika kikao cha idara ninayofundisha sasa: mradi wa mwisho uruhusiwe kuwa wa wanafunzi wawili wa idara mbili, na wasimamizi wawili, na uoneshwe mahali pa wazi ambapo mtu asiye mwanachuo anaweza kuingia na kuuliza. Gharama yake ni wino wa kuchapa fomu mpya. Nitaambatanisha na data za siku 69 za Dublin, ili yeyote atakayesema jambo hili halimo katika kazi za msingi za chuo anieleze, kwa maandishi, zile zilikuwa kazi za nani.